Mukutano kwa Video, Mesaji kwa Telefone Ndogo: Namna ya Kuunganisha Vyombo Hivi Bila Kuandika Kodi

Katika toleo hili tunaeleza jambo ambalo masekretere wengi wa kooperative za Masisi na Walikale wanatuuliza. Siku hizi mikutano mingi ya kooperative na muungano wake inafanyika kwa video: prezida yuko Goma, gerante wa depo yuko Masisi-centre, mununuzi yuko Bukavu au Kampala. Wanazungumza nusu saa, wanakubaliana bei, wanafunga. Lakini memba aliye Nyabiondo, Pinga au Itebero, mwenye telefone ndogo isiyo na intaneti, anapata habari baada ya siku tatu ao ine. Kwa wakati ule amekwisha kuuzia maharagi yake mununuzi wa kwanza aliyepita njiani, kwa bei ya chini. Kooperative iliahidi mununuzi mifuko, lakini mifuko haiko tena.

Hasara hiyo inatoka kwa habari iliyochelewa. Uvivu wa memba hauna kazi hapo, na ubaya wa komite pia. Na mambo yamezidi kuwa magumu tangu 2025, wakati mapigano yalifika Masisi-centre mu mwezi wa kwanza, na Walikale-centre mu mwezi wa tatu. Memba wa kooperative moja leo wanaweza kuwa fasi tano: wengine wamebaki kijijini, wengine wako Goma, wengine Minova, wengine kwa jamaa. Kumuita kila mumoja kwa sauti ni kazi ya siku nzima na inite nyingi. Kwa hiyo tueleze namna ya kufanya programu ya mukutano wa video iongee yenyewe na mesaji za telefone, bila kuita mutu wa informatike kuandika kodi.

Mpiga mbiu asiyechoka

Kila mutu wa kijiji anajua mpiga mbiu wa shefu. Shefu akikubaliana na wazee kwamba kesho kuna salongo, mpiga mbiu anazunguka jioni na kutangaza. Hakuamua yeye. Hawezi kubadilisha siku. Kazi yake ni moja: akisikia neno hili, atangaze kwa watu wale.

Otomatiki ni mpiga mbiu wa namna hiyo. Inafanya kazi kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni kichochezi, yaani jambo linaloiamusha: mukutano mupya umeandikwa katika kalenda, saa ya mukutano imekaribia, ao sekretere amejaza fomu ya maazimio. Ya pili ni kitendo, yaani kazi inayofuata: tuma mesaji kwa viongozi, tuma mesaji kwa memba wote, andika jibu katika jedwali. Tunaweza kuisema kwa kifupi: “Kama hiki kinatokea, ufanye kile.”

Zamani, kuunganisha programu mbili kulihitaji mutu wa kuandika kodi. Leo kuna huduma za kuunganisha kama Zapier, Make na n8n, ambapo unachagua kichochezi upande moja, unachagua kitendo upande mwingine, unajaza nafasi chache, unabonyeza. Sekretere anayeweza kujaza jedwali la Excel anaweza kujifunza. Kazi yenyewe haifanyiki ndani ya telefone yake. Inafanyika kwenye seva za mbali, kwa hiyo hata kama batri yake imezima ao reso ya kijijini imekatika, mpiga mbiu anaendelea. Na mesaji ya kawaida ina faida moja kubwa: memba akiwa amezima telefone, kampuni ya simu inaweka mesaji kwa muda na kumpa akiiwasha tena.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2013, Programu ya Chakula ya Umoja wa Mataifa (PAM) ilianza kuuliza jamaa za kambi ya Mugunga III, magharibi mwa Goma, hali yao ya chakula kwa njia ya telefone. Jamaa zilipewa telefone ndogo, na kambini kukawekwa fasi za kushaji. Mwaka 2014, UNICEF ilitoa RapidPro, chombo cha kutuma na kupokea mesaji bila kuandika kodi, kilichojengwa pamoja na Nyaruka, kampuni iliyoanzia Kigali. Fundisho la Mugunga linatufaa mpaka leo: chombo kidogo kinatosha, kama watu wana fasi ya kushaji na wanajua ni nani anawaita.

Vyombo vitano vya lazima

1. Kalenda ya intaneti ya kooperative, kwa mufano Google Kalenda. Iwe ya kooperative, isiwe ya mutu binafsi. Sekretere akibadilika, kalenda inabaki.

2. Programu ya mukutano wa video: Zoom ao Google Meet. Mujue mipaka ya bure: Zoom inakata mukutano wa kikundi baada ya dakika 40, Google Meet inakata baada ya dakika 60 kama watu wamepita wawili. Kwa hiyo ajenda iwe fupi.

3. Jedwali la memba: jina, kikundi, namba ya telefone, luga anayosoma. Kila namba iandikwe kwa namna moja: +243, halafu tarakimu 9, bila sifuri ya mwanzo. Muangalie vizuri, juu jedwali linapenda kufuta alama ya + na sifuri peke yake. Muchague nguzo ile iwe “maandishi”, isiwe “hesabu”.

4. Mulango wa mesaji. Munaweza kununua huduma ya kutuma mesaji kwa wingi, ao munaweza kutumia telefone moja ya Android yenye SIM ya hapa na foriti ya mesaji. Telerivet na RapidPro vinaweza kugeuza telefone ya namna hiyo kuwa mulango. Telefone ile ikae fasi yenye umeme na reso, kwa mufano ofisi ya Goma, na isitumiwe kwa mambo mengine.

5. Huduma ya kuunganisha, ile tuliyotaja hapo juu.

Kujenga hatua kwa hatua

Tuseme kooperative yenu iko na memba 120 katika vikundi 6, na kila kikundi kiko na kiongozi. Mujenge minyororo mitatu tu.

Munyororo wa kwanza: tangazo. Kichochezi ni mukutano mupya katika kalenda. Kitendo ni mesaji kwa viongozi 6 na kwa memba wote. Sekretere anaandika mukutano mara moja, mengine yanajifanya.

Munyororo wa pili: ukumbusho. Kichochezi ni saa ya mukutano kukaribia; munachagua dakika 120 mbele. Kitendo ni mesaji kwa viongozi tu. Ni wao wanaofungua video na kukusanya wenzao.

Munyororo wa tatu: maazimio. Mukutano ukiisha, sekretere anajaza fomu ya mistari mitatu ao mine. Akibonyeza “tuma”, maazimio yanafika kwa memba wote kwa mesaji, na yanaandikwa pia katika jedwali kama kumbukumbu. Huu ndio munyororo wa maana kuliko yote. Kama munaweza kujenga moja tu, mujenge huu.

Kuna mutego katika saa. Mashariki mwa Kongo iko saa moja mbele ya Kinshasa: 08h00 ya Goma ni 07h00 ya Kinshasa, na ni 09h00 ya Kampala na Nairobi. Kalenda ikiwekwa kwa saa ya Kinshasa, mesaji zenu zote zitachelewa saa nzima. Katika orodha ya saa za dunia, muchague Lubumbashi. Saa yake ni yetu. Tena muandike saa kwa tarakimu sawa inavyoonekana kwenye telefone, “08h00 asubuhi”. Mukisema “saa mbili”, wengine watasikia 08h00, na wengine waliozoea kuhesabu kwa Kifaransa watasikia 02h00 ao 14h00.

Mukutano wenyewe: telefone moja kwa kikundi

Si lazima kila memba awe na telefone kubwa. Kikundi kikae pamoja karibu na telefone moja yenye intaneti, fasi yenye reso. Muzime kamera. Zoom inasema sauti peke yake inahitaji kilobiti 60 mpaka 80 kwa sekunde. Kwa saa nzima hiyo ni kama mega 27 mpaka 36 kila upande. Video ya kikundi inahitaji kilobiti 600 na zaidi, yaani mega 270 kwa saa kila upande. Mununuzi afungue kamera akitaka kuonyesha mufano wa maharagi, halafu aizime. Inite zilizobaki zitasaidia kutuma mesaji.

Namna ya kuandika mesaji

Mesaji moja ya kawaida inabeba alama 160, tukihesabu na nafasi. Ikipita hapo, inagawanywa, na munalipa mara mbili. Kuna kitu kimoja kidogo kinachoharibu hesabu: alama zisizo za kawaida. Apostrofi ya kukunjika inayotoka Word, picha ndogo za uso, ao herufi kama ê na ç ndogo zinashusha kipimo mpaka alama 70. Herufi é na è hazina shida. Kwa hiyo neno kama ng'ombe liandikwe kwa apostrofi iliyonyooka, na mesaji iandikwe moja kwa moja, isikopiwe toka Word.

Mufano wa tangazo:

KOOP: Mukutano siku ya ine 5/3, 08h00 asubuhi, saa ya Goma. Ajenda: bei ya maharagi. Ukuje fasi ya kawaida ya kikundi chako.

Kwa viongozi peke yao, muongeze: Jibu 1=tunakuja 2=hatukuji. Tunasema viongozi tu juu jibu linakula inite za anayejibu, na wengi hawana. Jibu likifika, linaingia katika jedwali peke yake, na sekretere anaona kikundi gani kitakosa.

Mufano wa maazimio:

KOOP: Tumekubaliana: 1) maharagi tutauza pamoja, hakuna kuuza peke mbele ya 20/3. 2) Kila kikundi kihesabu kilo. 3) Mukutano 19/3. Swali? Ona kiongozi.

Kila moja haifiki alama 160. Zinaanza na neno lilelile, KOOP, ili memba ajue zinatoka wapi.

Hesabu ya gharama

Memba 120, tangazo moja na maazimio moja kila mukutano: mesaji 240. Ukumbusho na nyongeza ya viongozi: mesaji 12. Jumla 252. Mukifanya mikutano miwili kwa mwezi, ni 504. Mesaji ikipita alama 160, zidisheni kwa mbili: karibu 1 000. Muchukue bei ya foriti ya mesaji kwa kampuni munayotumia, Vodacom, Airtel ao Orange, muzidishe, halafu mulete hesabu hiyo mbele ya komite kabla ya kuanza. Mulinganishe na kile kooperative inapoteza memba 20 wakiuza peke yao.

Jambo moja la ufundi: mipango ya bure ya huduma za kuunganisha inahesabu kazi kwa mwezi, na mesaji moja inaweza kuhesabiwa kazi moja. Kwa memba 120 mutamaliza mara moja. Dawa yake ni kutoa amri moja tu kwa mulango wa mesaji, “tuma kwa grupu lote”, na mulango wenyewe ugawanye. Na kama mulango ni telefone ya Android, muipe muda. Android inazuia programu inayotuma mesaji nyingi kwa dakika chache. Kwa hiyo tangazo liende siku mbili mbele, lisiende asubuhi ya mukutano.

Yale ambayo mpiga mbiu hapaswi kutangaza

Hapa tunawaomba musome polepole. Mashine inatuma kile munachoipa, kwa kila mutu aliye katika orodha, na haiwezi kurudisha neno. Telefone inaweza kuibiwa. Inaweza kuangaliwa kwenye barriere. Memba wa zamani anaweza kuwa bado katika orodha. Mesaji iliyo ya kawaida Goma inaweza kuwa hatari kwa mama anayepita njia ya Kitchanga ao ya Kashebere.

Kwa hiyo, katika mesaji ya otomatiki:

- Musiandike siku ya malipo, wala kiasi cha franka ao dola.
- Musiandike idadi ya mifuko iliyo katika depo, wala njia ambayo kamio itapita.
- Musiandike jina la fasi ya mukutano. “Fasi ya kawaida” inatosha.
- Musiandike habari ya mapigano, wala jina la kundi lolote lenye silaha.
- Musiombe hata siku moja namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Mutangazie memba katika mukutano kwamba kooperative haitaiomba kamwe. Mutu akipata mesaji inayoiomba, hata kama imeandikwa KOOP, ni mwizi.

Mambo ya malipo yapite kwa mudomo, toka kiongozi mpaka memba.

Orodha ya namba nayo ni mali ya kulinda sawa kasha la kooperative. Watu wawili tu wawe na ufunguo wake: sekretere na mumoja wa komite ya ukaguzi. Kwa Kongo, Kodi ya Numerike ya tarehe 13/3/2023 inalinda habari za watu binafsi. Kwa vitendo maana yake ni hii: mumuulize kila memba kama anakubali kuandikwa, mumweleze orodha itatumiwa kwa kazi gani, na akisema “munitoe”, mumutoe siku ileile. Mutu akihama ao akipoteza telefone, namba yake isimamishwe kwanza. Na kama hali ya usalama imebadilika ghafula, mujue kabla fasi ya kuzima minyororo yote. Ni kibonyezo kimoja kwa kila munyororo, lakini lazima watu wawili wajue kiko wapi.

Yale ambayo mashine haiwezi

Walikale peke yake ina kilometa mraba 23 475, karibu sehemu 4 kwa 10 za jimbo la Kivu ya Kaskazini. Katika sekta za Wanianga na Bakano kuna vijiji ambavyo reso haifiki kabisa, hata ya mesaji. Kwa vijiji hivyo muchague mujumbe anayekwenda soko ya juma. Yeye ndiye anapokea mesaji kwa fasi yenye reso, anaandika katika daftari, na anasoma kijijini. Mesaji fupi ya mistari mitatu ni rahisi kunakili, na neno halibadiliki njiani.

Muangalie pia ni nani anashika telefone nyumbani. Mara nyingi namba iliyoandikwa kwa jina la mama ni ya bwana yake. Mama analima, analeta kilo, lakini mesaji inasomwa na mwingine, na pengine haimufikii. Katika jedwali muongeze nguzo moja: “Telefone ni ya nani?” Kama si yake, kiongozi mwanamuke wa kikundi amupe habari yeye mwenyewe. Wasiojua kusoma wapewe habari kwa njia ileile.

Na mesaji haipigi kura. Kooperative zetu ziko chini ya sheria ya OHADA ya tarehe 15/12/2010, na msingi wake ni mutu moja, kura moja. Jibu la “1” ao “2” linasaidia kujua maoni, lakini haliwezi kuchukua fasi ya mukutano mukuu. Mufungue statuti na kanuni zenu za ndani, muone mukutano mukuu unaitwa siku ngapi mbele na kwa njia gani. Mesaji iwe nyongeza ya barua ile.

Muanze namna gani?

Musianze na watu 120. Muchukue viongozi 6 na watu wane wa komite, jumla 10, na munyororo moja: ule wa maazimio. Mufanye majaribio mikutano miwili. Baada ya kila mukutano sekretere apigie simu watu watatu, awaulize: ulipata mesaji saa ngapi? Ilisema nini? Ulifanya nini? Swali la tatu ndilo la maana. Mutu akisema alipata na kusoma, lakini aliuza maharagi yake vilevile, basi shida haiko kwa reso tena. Pengine hakuwa na franka ya kungoja mpaka 20/3, na hapo kazi ni ya likelemba ao AVEC yenu kumukopesha kidogo.

Wakati mzuri wa majaribio ni sasa, mbele ya mavuno. Wanunuzi wakianza kupanda toka Sake na Goma na kamio zao, kila memba awe amezoea kuangalia telefone yake kwa lile neno moja, KOOP, na awe anajua kwamba bei inayofuata hapo ni ile ambayo wote walikubaliana.